Vidonge 112 viko kwenye mkoba wangu, mume wangu anajua nimevimeza

Anti habari za kazi. Naomba sana jina langu usilitoe maana mume wangu anasoma safu yako na mdogo wangu pia, na hao wawili ndo wenyewe kwenye hii stori.

Mimi ni mama wa miaka 53, watoto wangu watatu wameshakuwa wakubwa, nyumbani tumebaki mimi na mzee tu. Mwaka jana nilienda kupima presha, kidonge cha presha nameza siku nyingi, wakasema ngoja tupime na vingine. Majibu yakaja kolestro iko juu, ile mbaya wanayoiita LDL ilikuwa 5.4. Dokta akaniandikia atovastatini ya miligramu 20, ni zile dawa za kushusha kolestro wanazoziita statini, kimoja kila usiku. Sikubisha. Baba yangu alianguka asubuhi moja anafunga kamba za viatu, moyo, alikuwa na miaka 49, tulikuwa hatujamaliza hata kunywa chai. Mume wangu anaijua hiyo habari kwa hiyo toka siku ile yeye ndo akawa msimamizi wa dawa. Aliweka alamu kwenye simu yake saa tatu usiku, ikilia tu anakuja na glasi ya maji na kidonge kwenye kisahani cha kikombe kama mhudumu wa hoteli, anasimama hapo mpaka nimeze.

Wiki ya tatu mapaja yakaanza. Sio maumivu ya kulia Anti, ni kama yale ya siku ya pili baada ya kupanda mlima, misuli imejaa na imechoka, miguu yote miwili. Kushuka ngazi nashika ukuta, kunyanyuka kwenye kochi natanguliza mikono kama mjamzito. Baada ya miezi mitatu nikarudi kupima, LDL 3.1, dokta kafurahi kweli, nikamwambia miguu inauma akacheka akasema kwa umri wetu huu nani haumwi miguu, tuendelee. Nikanyamaza. Sikupenda alivyocheka.

Sasa mdogo wangu ndo akaingia. Huyu nisimseme vibaya kabisa, nilipofanyiwa opareshini ya kizazi yeye ndo alilala na mimi wodini wiki mbili kwenye kiti cha plastiki. Akaniletea chupa tatu. Ya kwanza vidonge vya mchele mwekundu uliochachushwa, ya pili kitunguu saumu cha kapsuli, ya tatu haina lebo, anasema ni manjano na pilipili manga na kitu kingine anakijua mwenyewe aliyemuuzia. Akaniambia dada hizo statini ni kemikali zinakula misuli, hizi ni za asili hazina madhara, mimi mwenyewe kolestro yangu ilikuwa juu nimezitumia imeshuka. Nikaacha za hospitali siku hiyo hiyo.

Ila mume wangu sikumwambia. Saa tatu alamu inalia, naweka kidonge mdomoni nakificha kwenye shavu, nakunywa maji, nasema asante baba, naenda bafuni natema kwenye tishu. Siwezi kukitupa maana pipa anamwaga yeye. Kwa hiyo naviweka kwenye mkoba wangu wa zamani wa sherehe ulioko juu ya kabati. Juzi nilivihesabu, viko 112, kila kimoja na tishu yake.

Wiki mbili za kwanza mapaja yakapoa, nilipanda ngazi huku nacheka peke yangu. Lakini kama mwezi wa tatu hivi yakaanza kurudi kidogo kidogo, sio kama mwanzo lakini yapo. Nikajiuliza mbona dawa nimeshaacha? Na mwili sijui una nini, nimenenepa na sili sana, nasikia baridi wenzangu wakilalamika joto, ngozi imekauka, nachoka hovyo, nadhani ni umri na hii stresi ya kuficha.

Wiki iliyopita tukaenda kupima, LDL imepanda 4.2. Dokta akauliza, mama unameza kila siku? Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu, kila siku dokta, mimi mwenyewe nampa kwa mkono wangu. Anti nilitazama viatu vyangu. Dokta akasema basi dozi ndogo, akaandika miligramu 40.

Sasa sielewi nifanye nini. Niendelee na za mdogo wangu tu, maana 4.2 si bado ni afadhali kuliko 5.4? Au nimeze hiyo 40 pamoja na zile za asili nipate faida za kote kote? Nikimwambia mume wangu ataniamini tena kweli? Na mdogo wangu nikimrudishia chupa zake ataona nimemdharau yeye na kile kiti cha plastiki. Nisaidie.

Mama wa Mkoba

ANTI ANAJIBU

Dada yangu Mama wa Mkoba, barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu. Na kabla sijasema lolote lingine naomba nianze na jambo moja ambalo haliwezi kusubiri, mengine tutaongea taratibu. Lile wazo la kumeza miligramu 40 pamoja na chupa za mdogo wako liweke pembeni kwanza, mpaka uongee na dokta au mfamasia akiwa anajua kila unachomeza. Nitakueleza kwa nini hapo chini. Na kama siku yoyote mkojo ukiwa mweusi kama soda au chai ya rangi, au misuli ikalegea mpaka kunyanyua mkono ni kazi, au macho yakawa ya njano, usiniandikie mimi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hali hizo ni nadra lakini zinaweza kuharibu figo au ini na hazingoji miadi. Kifua kikibana pia usingoje.

Haya, sasa tukae.

Ninavyokusoma, umeniletea swali la dawa za asili na dawa za hospitali, lakini ndani yake kuna mafundo mengine matatu. Kuna miguu inayouma na hakuna aliyekaa akaisikiliza vizuri. Kuna watu wawili wanaokupenda, mmoja na kisahani mwingine na chupa, na wewe umeamua kila mmoja umpe anachotaka kuona. Halafu kuna baba anafunga kamba za viatu. Huyo umemtaja mstari mmoja tu ukapita haraka, lakini nadhani ndiye anayekuamsha usiku. Nikikosea utanisamehe.

Tuanze na ile chupa ya kwanza maana hapo kuna kitu naona hukuambiwa, na sidhani kama mdogo wako mwenyewe alikijua. Mchele mwekundu uliochachushwa unatengenezwa kwa kuotesha ukungu juu ya mchele, ukungu unaitwa Monascus, na ule ukungu unatoa kitu kinaitwa monakolini K. Sasa monakolini K ni nini? Ni lovastatini. Yaani sio kitu kinachofanana nayo, ni molekyuli ile ile, na lovastatini ndiyo statini ya kwanza kabisa kuruhusiwa kuuzwa kama dawa, Marekani, mwaka 1987. Na hata stori ya statini zenyewe ilianzia kwenye ukungu, mwanasayansi wa Japani anaitwa Akira Endo alikuwa anachunguza maelfu ya aina za ukungu miaka ya mwanzo ya 70 akapata kinachozuia ini kutengeneza kolestro. Kwa hiyo dada yangu, umeacha statini ya kidonge ukaingia kwenye statini ya mchele. Ile ya hospitali ina miligramu zimeandikwa, hii ya chupa hujui ni ngapi.

Nikirudi kwenye barua yako na jicho hilo, mambo yanaanza kueleweka. LDL yako haikurudi 5.4, imekaa 4.2, kuna kitu kinaishikilia na yawezekana ni hiyo monakolini. Na yale maumivu yaliyorudi mwezi wa tatu ukashangaa mbona dawa nimeacha, pengine hukuacha. Nasema pengine, maana kuna maelezo mengine nayo nitayaleta.

Hii ndiyo sababu nikakwambia usichanganye. Statini juu ya statini sio faida za kote kote, ni dozi mbili za kitu kimoja, na hatari ya misuli na ini inapanda. Halafu kwenye hivi vidonge vya mchele kiasi kinatofautiana sana toka chupa hadi chupa, kuna zenye nyingi, kuna ambazo hazina kitu kabisa, na baadhi zimekutwa na sitrinini, sumu ya ukungu inayoumiza figo. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 uliweka sheria kwamba kiasi cha monakolini kwa siku kwenye virutubisho kiwe chini ya miligramu 3 na lebo iwe na onyo. Wasingeweka sheria kama hiyo kwa kitu kisicho na madhara.

Neno asili mimi sina ugomvi nalo, bibi yangu alinitibu nalo. Ninachouliza tu ni kwamba, kama kitu kina nguvu ya kushusha kolestro, nguvu hiyo itaingia vipi mwilini iguse ini peke yake na kwenye misuli ipite bila kubisha hodi? Kikiwa na nguvu, kina pande mbili.

Kitunguu saumu na manjano nitapita haraka. Mwaka 2022 kulitoka utafiti wa Cleveland Clinic kule Marekani, karibu watu 190 kwa siku 28, wengine walipewa rosuvastatini, statini nyingine, ya miligramu 5 ambayo ni dozi ndogo, wengine kidonge kisicho na dawa, wengine mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, steroli za mimea (vitu vya kwenye mimea vinavyofanana na kolestro), au mchele mwekundu. Statini ilishusha LDL zaidi ya theluthi moja. Hivyo virutubisho sita hakuna hata kimoja kilichoonekana kushinda kidonge kitupu, na kitunguu saumu ndo kiliipandisha kidogo. Nikuambie na hili pia ili uwe na picha nzima, utafiti ule ulilipiwa na kampuni inayotengeneza rosuvastatini na siku 28 ni chache, kwa hiyo kuna waliolalamika. Ila hata ukiusoma kwa jicho la kushuku, sioni mahali unapokupa ujasiri wa kuzitegemea hizo kapsuli peke yake ukiwa na LDL ya 5.4. Kitunguu saumu cha kapsuli kinaweza pia kufanya damu iwe nyepesi, ichelewe kuganda, kwa hiyo kama una dawa ya aina hiyo au una opareshini mbele, sema. Ile ya tatu isiyo na lebo ndo inayonitia tumbo joto kuliko zote. Manjano pamoja na pilipili manga kuna watu imewaumiza ini, maana ile pilipili inaifanya manjano iingie kwenye damu kwa wingi, na hicho “kitu kingine” hakuna anayejua ni nini. Hata dokta bingwa hawezi kukusaidia na chupa isiyo na jina.

Sasa miguu. Hapa naomba unisome polepole maana nisingependa ufikiri na mimi nakucheka.

Maumivu yako ni ya kweli. Swali ni yanatoka wapi, na wewe umeshajibu kwamba ni kidonge kwa sababu yalianza ulipoanza na yakaisha ulipoacha. Inawezekana kabisa, statini zinaumiza misuli ya baadhi ya watu na kwa kawaida inakuwa hivyo hivyo ulivyosema, pande zote mbili, mapaja, wiki za mwanzo. Lakini kuna jaribio moja la Uingereza, majibu yalitoka mwaka 2020, walichukua watu 60 ambao walikuwa wameshaacha statini kwa sababu ya maudhi kama wewe. Kila mtu akapewa chupa kumi na mbili za mwezi mmoja mmoja, nne zina statini, nne zina vidonge vitupu, nne hazina kitu, na hawakuambiwa kipi ni statini na kipi ni kitupu. Ikaonekana maudhi waliyopata kwenye statini, sehemu 90 kati ya 100 waliyapata pia kwenye vidonge vitupu. Ile miezi isiyo na kidonge ndo walikuwa na nafuu. Nusu yao baada ya kuonyeshwa majibu yao wenyewe walirudi kumeza dawa. Hii haina maana walikuwa wanadanganya, mwili ukingojea maumivu unayatengeneza kweli, na wewe ulikuwa na baba kichwani na mtu amesimama na kisahani anakutazama koo. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema tu hiyo sentensi ya “statini zinakula misuli” uliisikia kwa mtu, na dokta alikuwa ameshacheka badala ya kupima, kwa hiyo mpaka leo hujui.

Kuna kupima lakini. Kuna kipimo cha damu kinaitwa CK kinachoonyesha kama misuli inaharibika. Na kuna kingine, hapa ndipo nilipochukua kalamu. Umesema umenenepa huli sana, unasikia baridi wenzio wakisikia joto, ngozi kavu, uchovu, halafu ukaweka kwenye kapu la umri. Dada, hizo zote pamoja zinaweza kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, tezi ya thairoidi. Tezi hiyo ikilegea yenyewe inapandisha kolestro, yenyewe inaumiza misuli, na inafanya misuli ivumilie statini vibaya zaidi. Kitu kimoja kinaweza kuwa kimeshika pembe zote za barua yako, au kisiwe na uhusiano wowote, kipimo ni damu kidogo tu kinaitwa TSH. Sijui kama ulishapimwa. Uliza. Upungufu wa vitamini D nao huumiza misuli, utaje kwenye orodha hiyo hiyo.

Na baba. LDL inayozidi 4.9 kwa mtu mzima, pamoja na mzazi wa kiume aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, ni kitu kinachomfanya dokta afikirie kolestro ya kurithi. Inampata karibu mtu 1 kati ya 250 hadi 300, na mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata. Ikiwa tezi iko sawa basi hili swali linakuja mbele. Umesema dokta alikuandikia dawa tu, hujasema kama aliulizia familia wala kama ulimwambia ya baba. Mwambie, na taja ile miaka 49.

Twende kwenye njia zilizopo, na sitakuchagulia.

Unaweza kubaki na chupa za mdogo wako na 4.2 yako. Ni kweli 4.2 ni afadhali kuliko 5.4. Ila kwa mtu mwenye presha na baba wa miaka 49 hiyo bado ni juu, dozi yako huijui, ini lako hakuna anayeliangalia, na dokta ataendelea kuandika kwa kufuata kitu ambacho hakipo. Ona kilichotokea wiki iliyopita, amepandisha dozi ya dawa ambayo hunywi. Na kwa taarifa yako, kupandisha statini mara mbili kwa kawaida kunaongeza kushuka kwa kama asilimia 6 tu, kwa hiyo hata kama ungekuwa unameza kweli, hiyo 40 haikuwa mwisho wa mawazo.

Unaweza kujaribu tena statini kwa namna nyingine, kwa makubaliano. Watu wengi walioshindwa aina moja wanaweza nyingine, au dozi ndogo, au siku moja ndiyo siku moja hapana kwa zile zinazokaa mwilini muda mrefu kama rosuvastatini. Hatari yake ni maumivu kurudi, lakini safari hii utakuwa na kipimo cha CK cha kabla na mtu wa kumpigia. Na utaje kile kidonge cha presha, kwa sababu baadhi ya dawa za presha na hata juisi ya balungi zinazuia aina fulani za statini zisisagwe, zinajaa kwenye damu, misuli ndo inalipa.

Na kama misuli imekataa statini kabisa, sio mwisho wa dunia, kuna nyingine. Kuna ezetimibu inayozuia kolestro isifyonzwe tumboni, inashusha karibu moja ya tano. Kuna asidi ya bempedoiki, hii ikimezwa inaamka ikifika kwenye ini, kwenye misuli inakuwa imelala, na mwaka 2023 utafiti wa karibu watu 14,000 ambao statini ziliwashinda au walizikataa ulionyesha inapunguza matatizo ya moyo, ingawa gauti na mawe ya nyongo vinaongezeka kidogo. Kuna na sindano, nyingine za kila wiki mbili, nyingine baada ya dozi za mwanzo unachoma kila miezi sita, zinashusha nusu au zaidi. Ni ghali na hazipatikani kila mahali, lakini kujua zipo kunasaidia usijione umefungiwa chumba kisicho na mlango.

Ukitaka asili, ipo ambayo hata madokta hawaigombezi. Nyuzi laini za chakula, zile za oti na maharage na maganda ya isabgol, zinashusha LDL kama asilimia 5 hadi 10 ukizila kila siku. Gramu 2 za steroli za mimea kwa siku nazo zimeonekana kwenye tafiti nyingi zikishusha kama asilimia 8 hadi 10, japo kwenye ule wa siku 28 hazikufua dafu. Isabgol uipishanishe masaa kadhaa na dawa zako maana inaweza kuzikumbatia zisiingie. Hizi ni za kusindikiza, toka 5.4 zenyewe peke yake haziwezi kukufikisha. Koenzaimu Q10 ambayo wengi wanaimeza kwa ajili ya misuli, tafiti zinagongana, kuna waliosema imewasaidia na kuna vipimo vilivyoonyesha hakuna kitu.

Sasa mume wako. Umeuliza ataniamini tena kweli, mimi simjui mume wako. Ila najiuliza kitu kingine, hivi umeshawahi kumwambia miguu inauma kiasi gani? Kwenye barua umemwambia dokta, umemwambia mdogo wako, umeniambia mimi. Yeye ameonekana na kisahani tu. Mtu aliyeogopa kukupoteza akajipa kazi ya kuweka alamu, akiambiwa “nimekudanganya siku 112” ataumia, ndiyo, tena huenda akakasirika na kisahani kikakaa kabatini mwezi mzima. Lakini kuna tofauti kati ya “sikutaka dawa yako” na “nilikuwa naumia, nikaogopa kukuambia kwa sababu najua unamwaza baba”. Unaweza kumwambia kwanza yeye halafu dokta. Unaweza pia kuanza na dokta, ukaenda peke yako safari hii, maana kila ukienda naye yeye ndo anajibu maswali yako, na hilo nalo muongee siku moja. Kila njia ina gharama yake, ukienda peke yako halafu akaja kujua baadaye, unakuwa umeongeza siri juu ya siri. Wewe ndo unamjua anavyopokea habari.

Sentensi ya kuanzia kwa dokta haina haja ya kuwa ndefu. “Dokta, ile 4.2 sio ya atovastatini. Niliacha kwa sababu ya miguu, nikatumia hivi.” Halafu uweke chupa zote tatu mezani, na ile isiyo na lebo. Akicheka tena una ruhusa ya kutafuta mwingine.

Vile vya kwenye mkoba usivirudishe kwenye matumizi hata ukiamua kuanza tena dawa, vimeshalowana mate na vimekaa kwenye tishu miezi minne. Peleka kwa mfamasia avitupe yeye, pipa la nyumbani tunajua nani anamwaga.

Nimemwacha mdogo wako mwisho kwa makusudi. Unaogopa kumrudishia chupa. Lakini soma tena ulichoandika, amekuambia na yeye kolestro yake ilikuwa juu. Baba yenu si ni mmoja? Kama hii ni ya kurithi, basi yeye naye yumo kwenye ile nusu kwa nusu, na anaitibu kwa chupa ambayo hajui ina miligramu ngapi. Nilitaka kukupa maneno ya kumrudishia zawadi bila kumuumiza, sasa naona pengine hayahitajiki. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki wiki mbili kwa ajili yako. Muulize LDL yake ilikuwa ngapi, muulize nani alimpima, na kama ana nafasi siku ya kipimo chako cha tezi mwende wote, damu ya wawili ichukuliwe asubuhi moja. Na wanao watatu nao wanahusika, lakini hilo lisubiri majibu yako kwanza.

Niandikie ukishaongea na mmoja wao, yeyote utakayeanza naye.

Anti